Mama mukwe alikataa kuweka mutoto chini

Leo mama mukwe wangu alikataa kukaa ndani ya nyumba yetu mupya.

Mbele ya wageni wote!

Munajua vile nilichimba saloni ishuke chini, ibakie baridi hata jua ikiwaka. Nilijisifia sana. Sombe, majani ya muhogo, iko tayari, wageni wamekaa, na yeye amesimama mulangoni na mutoto wetu Amani mukononi, anaangalia kona.

"Mama, umuweke mutoto chini acheze."

"Hapana."

Nikasema moyoni: leo ametudharau.

"Papa Amani, leta buji."

Nikaleta mushumaa, nimenuna. Akawasha ile buji, akainama, akaishusha pole pole kwenye kona, karibu na mujusi aliyekufa. Mimi sikuwa hata nimemuona.

Buji ikazimika. Akaiwasha tena. Ikazimika tena.

"Mazuku," akasema.

Ile hewa mubaya ya volkano, inatoka ndani ya udongo, haina harufu, inalala chini, inaua. Yeye alikomaa kule Mugunga, karibu na volkano, anaijua.

Sombe tulikula inje, juu ya mawe, viatu mukononi!

Municheke kwa saloni yangu, sawa. Lakini mumusifu huyu mama kwanza.

Amani ameanza kutambaa juzi.