Mgeni wa Chumba cha Tatu

Hilda Verrill alizaliwa Whitby, mji wa pwani ya Uingereza, akaolewa Whitby, na mumewe alipofariki akaigeuza nyumba yao ya juu ya bahari kuwa nyumba ya wageni. Watu walikuja na jua na kuondoka nalo. Aliwapikia, akawatandikia, akawasahau.

Stanley Ackroyd hakusahaulika. Alikuwa dereva wa basi kutoka Bradford. Kila Agosti alikuja na mkewe, na mkewe alipofariki akaendelea kuja peke yake, chumba kilekile cha tatu. Jioni alimsaidia Hilda kukausha vyombo. Jumapili walipanda pamoja zile ngazi mia moja tisini na tisa za kanisani, wakipumzika kila benchi kama watu wasiotaka kufika.

"Mapenzi ni kikohozi, shoga," jirani yake Nora alimtania. "Na wewe unakohoa mpaka huku kwangu!"

"Niondokee na umbea wako," Hilda alijibu, uso umemwiva.

Agosti ya mwaka jana, kwenye benchi la mwisho, Stanley alimshika mkono. "Nimechoka kuwa mgeni, Hilda. Mwezi wa nne nakuja na masanduku yangu yote. Utanipokea?"

"Njoo."

Hilda akamwachia nusu ya kabati lake. Barua zilikuja kila wiki hadi Krismasi, kisha zikakatika. Simu iliita tu.

Mwezi wa tano gari likasimama mlangoni. Stanley alishuka taratibu, ameshikwa mkono na binti yake, Gillian.

"Baba tunampeleka kwenye makao ya wazee," Gillian alinong'ona. "Akili imemtoka. Ila Whitby haimtoki mdomoni, nikaona nimlete walau leo."

Hilda alimsogelea. Stanley akavua kofia kwa adabu. "Shikamoo, mama. Una chumba kinachotazama bahari?"

"Kipo," alisema Hilda.

Alimkaangia samaki wa moshi, akamtolea miiba mmoja mmoja. Gillian alipotoka kupiga simu, Stanley aliinama mezani kama mwenye siri.

"Nina mtu wangu mji huu. Nahamia kwake."

"Anaitwa nani?"

Alifikiri mpaka machozi yakamlengalenga. "Jina limeniponyoka. Ila ukimwona utamjua. Ana kicheko kizuri sana."

Hilda alijaribu kucheka. Kicheko hakikuja.

"Usimwambie nimelisahau jina," alisihi Stanley. "Ataumia."

"Simwambii."

Walipoaga, Gillian alimuuliza, "Wewe na Baba mlijuana sana?"

Hilda alimtazama yule mzee akihangaika na mkanda wa gari. Akamfungia yeye, akamrekebishia na kola.

"Alikuwa mgeni wangu," alisema.

Gari lilipopinda kona, Nora alitoka kwake mbio, bila koti. Safari hii hakuwa na utani wowote. Alimkuta Hilda amekaa kwenye kizingiti, akamkumbatia, wakalia wote wawili huku wapita njia wakiwapisha.