Nani Ananoa Jiwe?

Wiki iliyopita nilivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kwenda nyumbani, nikamkuta wifi yangu ameanika michembe juu ya turubai. Nilichukua kipande kimoja cha kiazi kikavu nikatafuna. Kilikuwa kitamu, lakini sikuchukua cha pili. Ngoja nikusimulie.

Zamani hatukuwa na turubai. Nyuma ya nyumba ya bibi kulikuwa na mwamba mpana uliotunza joto la jua hadi jioni. Juu yake tulianika michembe, mtama, na sisi wenyewe tukitoka kuoga ziwani. Upande mmoja ulikuwa na mabonde manne yaliyolika kwa kusagia nafaka. Moja lilikuwa la mama mkwe wa bibi, jingine la bibi, na la mwisho la mama. Lile kongwe hakuna aliyejua lilikuwa la nani. Kila mke aliyeolewa kwetu, asubuhi yake ya kwanza alipewa jiwe gumu la mkononi agonge-gonge bonde lake, maana jiwe likishakuwa laini halisagi. Huko ndiko kulikoitwa kunoa. Ko, ko, ko, nasi watoto tulijua uji unakuja. Bibi alikuwa akisema, "Jiwe lisiponolewa, nyumba inalala njaa."

Mama alikuwa wa mwisho kunoa. Mashine ya kusaga ilipofika senta alijitwika debe akaenda, na simlaumu hata kidogo. Magoti yake yalikuwa yamechoka.

Najilaumu mimi niliyesoma. Bibi alipopofuka, nikiwa nimepanga chumba mjini, Buzuruga, kaka alinipigia simu: tumjengee bibi nyumba ya tofali, na kokoto tusihangaike, mwamba si upo hapo uani? Hata sikumwacha amalize. "Vunja tu, kaka. Jiwe ni jiwe."

Nilifika mwamba ukiwa umeshachomwa moto ukapasuka, na akina mama wa kijijini wanaponda vipande kwa nyundo. Bibi alikuwa ameketi mlangoni, ametega sikio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu niambie, nani ananoa jiwe?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nami, kwa woga wangu, nikasema, "Ni mke wa kaka, bibi."

Wifi yangu hajawahi kusaga hata punje. Lakini uso wa bibi ulichangamka kama wa bibi harusi. "Anagonga vizuri huyo. Mwambie akimaliza aniletee uji, nionje unga wake."

Wifi alikoroga uji kwa unga wa mashine. Bibi alikunywa kikombe kizima, akamsifu na kumbariki. Mimi nilitoka nje nikashindwa kuwatazama wale akina mama. Naona aibu mpaka leo.

Katika nyumba ile mpya bibi hakumaliza hata masika moja. Sakafu yake ni laini sana. Wanangu tukienda likizo huteleza juu yake kwa soksi, wakicheka, nami sijawahi kuwaambia zege lile lilitoka wapi.