Karatasi za Sello

Mnisitiri jamani, nawaambia ninyi tu. Napiga sello, ile fidla kubwa ya kubana kwa magoti, katika kundi letu la watu wanne hapa Kigoma, na sijui kusoma nota. Kwaya ilinifunza do-re-mi, basi. Muziki mpya naurekodi kwenye simu wakati wa mazoezi, naushika wote kichwani, kisha siku ya onyesho naikodolea karatasi ya nota macho kama msomi.

Jumamosi tulipiga muziki mtaa wa Bangwe, kwenye baraza inayotazama ziwa. Mbele alikaa mwalimu wa muziki kutoka Dar, aliyekuja kutafuta wapigaji wa kuajiri.

Sehemu ya kwanza ilipita salama. Tukiwa tunapumzika, upepo ukazoa karatasi zetu zote. Watu wakatuokotea. Nikapanga zangu harakaharaka, kwa sababu sehemu ya pili naianza mimi peke yangu.

Nikaanza. Nikakunja uso, nikafunua ukurasa kwa madaha. Sello ikalia vizuri hadi hofu ikaanza kunitoka. Ikafika zamu ya Mama Neema, kiongozi wetu, kuingia na fidla yake. Hakuingia. Nikamhurumia, nikajua amesahau.

"Baba Eliya, simama kwanza," akasema taratibu. "Karatasi za sello ninazo mimi."

Nikaacha kupiga. Mwalimu akainuka, akaja kusimama nyuma yangu, akainamia karatasi zangu.

"Sasa mzee," akauliza, "muda wote huu ulikuwa unasoma nini?"