Okidi Iliyofukiwa kwa Huruma

Makao yangu hapa Kibwezi ni chumba kimoja nyuma ya duka la mwanangu. Shamba sina tena. Nina dirisha, na kwenye nondo zake nilining'iniza kipande cha gogo, na juu ya gogo, okidi.

Hilo jina nililisikia uzeeni. Kwetu Tawa lilikuwa tu ua lililoota juu ya mgunga wetu, la manjano, lenye madoa ya chui, na mzee wangu, marehemu mume wangu, hakuruhusu mtu aliguse. Alipokufa, ndugu zake waliukata mgunga wakachoma makaa. Mimi nilichowahi kuokoa ni huo mmea.

Tangu hapo nimejaribu kuuzalisha. Nililaza vijiti vyake vya zamani kwenye beseni la makaa yaliyoloa, vikaoza. Nikaugawa, kipande kikakauka. Mwaka huu ndipo kijiti kimoja kilitoa mtoto ubavuni, chipukizi dogo, akaanza kutoa mizizi. Nikasema, mizizi ikifika urefu wa kidole nitamkata, nimpeleke Tawa, nimfunge kwenye mti ulio karibu na kaburi la mzee. Magoti haya hayana safari nyingi zilizobaki.

Kisha nikaenda matanga Mwingi. Niliporudi, gogo lilikuwa tupu. Mmea ulikuwa ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, umefukiwa hadi shingoni kwa udongo na mbolea ya mbuzi, maji yamesimama juu.

"Mwaitu, nimekusaidia!" mke wa mwanangu akasema, akiniita mama kwa Kikamba chetu. "Mizizi ilikuwa inaning'inia nje, maskini."

"Umezika kitu kinachopumua kwa mizizi."

"Lakini mmea si ni udongo, mwaitu? Si wewe ulinifundisha kupalilia mahindi?"

"Haya ni mahindi?"

Ningemgombezea nini? Sisi wakulima tukiona mzizi nje, tunaufunika. Niliufukua. Mizizi ilikuwa myeusi, ukiifinya inatoa maji. Yule mtoto alibaki mkononi mwangu kama kitunguu kilichooza.

Nilifunga kilichosalia kwenye gogo. Majani yanazidi kuanguka. Kila asubuhi mke wa mwanangu anakinyunyizia maji, halafu ananiuliza, "Utashika, mwaitu?"

"Hautashika."

Kesho yake ananyunyizia tena. Simkatazi.

Mwanangu naye anauliza ni lini anipeleke Tawa. Nimemwambia aache. Niende kumwonyesha mzee nini?