Mkwe Kwenye Darasa la Ubatizo

Mume wangu alivumilia kiboko cha Mjerumani kwenye kazi ya reli kule Mikese, na waliokuwa naye wanasema hakutoa hata sauti. Mwanamume huyohuyo nilimwona kwa macho yangu akiruka dirisha la darasa la misheni, kwa sababu mama yangu ameingia mlangoni.

Loo, watu walivyocheka! Padri mwenyewe, Mzungu wa watu, alibaki mdomo wazi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Huku milimani kwetu mume huhamia kwa ukoo wa mke, lakini mama mkwe hatazamwi usoni. Miaka yote ile mume wangu akisikia kikohozi cha mama njiani, huingia kichakani mpaka mama apite. Nyumba yake hakuwahi kuikanyaga. Sasa padri, ambaye mambo haya hayajui, alikuwa ametuweka sote chumba kimoja.

Aliyeutaka ubatizo ni mimi. Mtoto wetu wa kwanza alifia misheni kwa homa, na sista alimmwagia maji kabla hajakata roho, akaniambia yuko mbinguni. Nikasema, basi na mimi nitakwenda huko alikokwenda. Mama, aliyemlea yule mtoto mgongoni kwake, akasema hivyohivyo. Mume wangu ndiye aliyesitasita. "Babu zangu nao wananingoja," aliniambia. "Nikienda kwa mtoto, wao nitawaambia nini?" Lakini padri hakutaka nusunusu: mume na mke pamoja, au mngoje.

Jioni ile ya dirisha nilimshukia. "Mwanamume gani wewe, unamkimbia bibi kizee? Ukipenda boga, penda na ua lake!"

"Simkimbii. Namheshimu," akasema. "Unataka mama yako anione nimekaa chini naimbishwa kama mtoto? Halafu kesho nipite wapi?"

Nikamwita mwoga. Nilisema kwa sauti ili majirani wasikie, na walisikia.

Kumbe mama naye alisikia. Kesho yake hakuja darasani, wala siku zilizofuata. Nilipomwuliza, akasema, "Mwache mwenzio aingie, mwanangu. Mimi nitakuja na kundi lingine." Nilijua anavyotamani kumfuata mjukuu wake. Nilijua, nikanyamaza, maana mume wangu sasa angeingia. Tena nilifurahi. Nikiikumbuka furaha ile naona haya mpaka leo.

Tukabatizwa. Mume wangu alijibu maswali kwa sauti ya chini, jicho moja likiwa mlangoni.

Mvua zilizofuata zilikuwa kali, na mama akapata kichomi. Asubuhi moja alisema ameamka nafuu, nikaenda shamba la ng'ambo ya mto kuokoa mahindi yasioze. Mto ukajaa, nikakwama huko mpaka alasiri. Niliporudi nilikuta majirani wamejaa uani kwa mama. Mume wangu alikuwa ameketi peke yake nyuma ya nyumba, amejifunika shuka usoni.

"Amekwenda," akasema bila kujifunua. "Nilimsikia akiita maji. Nikadhani ni ya kunywa. Nikasimama nje naita watu, wapi! Wote wako mashambani. Nikamwambia kupitia ukutani, vumilia mama, mwanao anakuja. Akasema si ya kunywa."

Nikakaa chini palepale kwenye matope.

"Basi nikaingia," akasema. "Nimemshika mama yako kichwa, kichwa wazi, kwa mikono yangu hii. Nikammwagia maji kwa kata, nikasema yale maneno kama padri alivyotufundisha. Nitatembeaje tena katika ukoo wenu, mke wangu?"

Huyo ndiye niliyemwita mwoga mbele ya watu. Sikuwa na uso wa kumtazama, hata akiwa amejifunika. Nikamwuliza tu kama mama alisema neno lolote.

"Hakusema. Aliponiona naingia alifumba macho, ili mimi nisione aibu. Hakuyafumbua tena."