Samadi ya Mgomba

Mama alinitolea kijijini kwake Lupepo ua la majani mekundu yenye ukingo wa kijani, akaniletea nyumbani kwangu Makandana kwenye kopo la rangi. "Liweke dirishani, maji kidogo tu." Nikajifanya najua. Nikalijazia samadi mbichi, kama tunavyofanya kwenye migomba, likaungua mizizi, likafa. Kila akipiga simu kuliulizia, nilisema linapendeza.

Siku moja akaniambia lake limeliwa na mbuzi, nimkatie kitawi apande. Nilinunua jingine mjini, nikampelekea. Aligeuza jani taratibu. "Langu halikuwa na zambarau."

Nilipaswa kusema pale pale. Nikamchimbia shimo, naye akalipanda. Sasa kila mgeni akifika kwake huonyeshwa lile ua: "Hili alinitunzia mwanangu."