Betri Mbili Zenye Rangi ya Kucha

Jina la Bi King'ora alipewa na wapangaji nyuma ya mgongo wake, wakidhani hatalisikia. Alilisikia siku hiyo hiyo. Yeye ndiye mtunza jengo, na ngazi za jengo lile la ghorofa nne hazifichi siri.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hupanda na mpini wa fagio, akabisha kila mlango, akabonyeza king'ora cha moshi darini mpaka kipige kelele za kupasua masikio. Kikinyamaza, humgeukia mpangaji.

"Betri iko wapi?"

"Imekwisha, dada."

"Imekwisha au imehamia kwenye rimoti?"

Zamani aliuza viatu vya mitumba. Aliweza kumuuzia mtu viatu viwili vya mguu wa kushoto, na mtu akaondoka akishukuru. Mtu wa namna hiyo humdanganyi kwa betri. Ndiyo maana mwanzo wa mwezi ule, mwenye jengo alipokuja kumwambia kuwa mkaguzi wa zimamoto angefika Alhamisi ya mwisho, na kwamba king'ora kimoja kikikaa kimya basi kazi na chumba chake cha chini vyote vimekwenda, Bi King'ora hakulia. Alitoa rangi nyekundu ya kucha, akagawa betri mpya jengo zima, na zile za nyumba ya juu kabisa, kwa Mzee Breki, akazipaka alama. Alikuwa na wasiwasi wake.

Jumamosi alianza ukaguzi juu. Kwa Mzee Breki, dereva mstaafu wa malori, king'ora kililia vizuri. Ghorofa ya tatu, kililia. Ya pili, kwa fundi cherehani, kikalia pia, ila fundi mwenyewe alikuwa anahema kama aliyefukuzwa na mbwa. Bi King'ora akapanda kiti, akafungua kifuniko. Betri mbili, kila moja na doa jekundu.

"Shangazi, hizi zimefikaje hapa?"

Fundi akaangalia cherehani yake. "Mimi nimeletewa tu."

Kumbe ving'ora vya wapangaji wote vilikuwa na betri mbili tu. Kila Bi King'ora alipofunga mlango wa juu, zilishushwa dirishani kwa uzi, zikamtangulia chini. Nyingine zote zilikuwa kwenye rimoti na saa za ukutani. Mwenye wazo alikuwa Mzee Breki, ambaye rimoti yake hukaa mfuko wa shati mchana kutwa, mkewe asije akabadilisha stesheni.

Bi King'ora hakugomba. Alipanda mpaka paa la kuanikia nguo, akafunga mlango kwa kufuli, akashuka na ufunguo shingoni.

"Asiye na betri zake hana kamba ya kuanikia," alitangaza ngazini.

"Huo ni uonevu!" Mzee Breki alipiga kelele kutoka juu.

"Ni biashara, mzee wangu. Suruali zako zikauke kwa maneno."

Wengine walichukua siku mbili kulegea. Mzee Breki alichukua wiki tatu, akipita kila siku chini ya suruali zilizokuwa zikidondosha maji sebuleni, mpaka mkewe akanunua betri mwenyewe.

Jumatano jioni, siku moja kabla ya mkaguzi, Bi King'ora alipita nyumba hadi nyumba na brashi kuukuu akipangusa vumbi kwenye vile ving'ora. Ghorofa ya pili tochi yake ikazimika. Akashuka chumbani, akang'oa betri za king'ora chake, akazitia kwenye tochi, akaendelea. Alinuia kuzirudisha. Alirudi amechoka, akalala.

Alhamisi mkaguzi alifika na fomu zake. Nyumba ya kwanza, kule juu, akasema, "Mama, niazime hiyo tochi nisome tarehe ya hiki king'ora. Kikipita miaka kumi kinabadilishwa." Akaazimwa. Hakuirudisha. Wakashuka naye ghorofa hadi ghorofa, ving'ora vikilia kwa adabu, mpaka kwa fundi cherehani, ambapo Bi King'ora alikumbuka betri zake ziko wapi.

"Naomba tochi yangu," alisema.

"Subiri, mama, bado nyumba moja. Ni yako, siyo?" Mkaguzi akakaa kwenye kiti cha fundi kujaza fomu.

Bi King'ora akatoka mbio hadi ngazini. Mzee Breki alikuwa ameegemea ukuta, amewafuata kutoka juu ili aone kioja chochote kitakachotokea. Rimoti ilichungulia mfukoni mwake.

"Mzee wangu. Nipe betri."

Mzee akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. "Wewe? Bi King'ora mwenyewe?"

"Nipe, anakuja!"

"Biashara, binti yangu. Mlango wa paa usifungwe tena. Ufunguo ukae kwenye msumari pale ngazini, kwa watu wote, siku zote."

Ndani, mkaguzi alisukuma kiti nyuma.

"Sawa," Bi King'ora alisema.

"Sawa nini?"

"Ufunguo msumarini. Siku zote. Lete!"

Mkaguzi alipoingia chumbani, Bi King'ora alikuwa anashuka kwenye stuli. Mpini ukabonyeza. King'ora kikalia mpaka mkaguzi akaziba sikio. Akatia sahihi, akarudisha tochi, akasifu mwanga wake.

Jumamosi iliyofuata ukaguzi ulianzia chumbani kwa mtunza jengo, mlango wazi, wapangaji wamejaa ngazini.

"Bonyeza tena," alisema Mzee Breki. "Sikusikia vizuri."

Akabonyeza tena. Ufunguo ulikuwa msumarini, kama walivyopatana. Mkewe Mzee Breki akauchukua, akapanda na beseni la nguo, na haikuchukua muda akashuka. Huko juu upepo ulikuwa wa kubeba shuka.

"Vibanio vya nguo viko wapi?"

"Kabatini kwangu," alijibu Bi King'ora, akiokota mpini wa fagio. "Mumeo alitaka ufunguo. Vibanio hakuvitaja. Twende kwanza tukakisikilize king'ora chenu."